Bibi Machozi na Mwisho wa Dunia

Kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mmoja mfupi, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, alilia kwa mshahara. Aliwalilia wachumba waliokimbia asubuhi ya harusi, watoto walioibwa hospitalini na mashamba yaliyonyang'anywa na mashemeji wasio na haya. Macho yaliyotoa machozi hayakuwa yake. Yalikuwa ya mwigizaji wa nchi ya mbali, nyota wa tamthilia ambaye huku kwetu kila mtu alimwita Bibi Machozi, kwa kuwa hakuna sehemu hata moja aliyoimaliza uso ukiwa mkavu. Bibi Machozi alilia kwa lugha ya kwao. Akifungua kinywa kwenye runinga zetu, sauti iliyotoka ilikuwa ya huyu mwanamke mfupi. Mtaani walimwita Sauti. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Kama unadhani hiyo ni kazi ya kukaa na kunywa chai, haya, simama leo mbele ya runinga yako, izime sauti, halafu umsemee mtu anayelia huku anakimbia. Utakiona cha moto. Maneno yasianze kabla midomo haijaachana, na yasibaki hewani baada ya midomo kukutana. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, kuta zimebandikwa sponji za magodoro ya zamani, na feni imezimwa mwaka mzima kwa sababu feni nayo inasema. Wakati wa joto walifanya kazi na taulo mabegani. Sauti alivaa viatu vya raba laini visivyotoa mlio, akavizoea, akawa anatembea navyo kila mahali.

Mwenzake humo ndani alikuwa Fundi, mzee wa mitambo, mtu wa maneno machache aliyepinda mgongo kwa kuinamia kompyuta. Fundi alikuwa na ugomvi na pumzi. Mtu akisema mbele ya kipaza sauti huvuta pumzi katikati ya maneno, na pumzi zake haziwezi kuoana na kifua kinachoonekana kwenye picha. Kwa hiyo Fundi alizikata zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele, kisha akazirudisha pale tu ambapo kifua cha Bibi Machozi kilipanda na kushuka. Alikuwa nazo akiba kwenye kompyuta: pumzi ya hofu, pumzi ya kupanda ngazi, pumzi ya aliyeamka ghafla, pumzi ya kufa. Zote alizivuta Sauti mchana mmoja, miaka mingi nyuma, mpaka akapata kizunguzungu.

"Pumzi ni mali ya picha," Fundi alipenda kusema. "Pasipo na kifua, sitaki kusikia pumzi."

Nyumbani palikuwa na mama. Mama alikuwa na miaka sabini na sita, ulimi usio na breki, na macho yaliyozimwa na presha ya macho miaka kumi na miwili iliyopita. Waliishi wawili tu, vyumba viwili ghorofa ya tatu. Mama alikaa kwenye kiti cha mbao chini ya dirisha, redio upande huu, runinga upande ule. Uso wa Bibi Machozi alikuwa amekwisha kuusahau. Kwake yeye anayelia kwenye runinga alikuwa binti yake mwenyewe, na alimgombeza kama binti yake. "Nilikwambia usimfungulie mlango yule baradhuli!" alipiga kelele saa moja jioni, na Sauti, akiwa jikoni anamenya vitunguu, alijibu, "Nisamehe mama, imeandikwa hivyo."

Kwa sababu ya vile viatu vya raba, mama hakuweza kumsikia binti akipanda ngazi. Alichosikia ni pumzi. Ngazi arobaini na mbili zilimfikisha Sauti mlangoni akihema, na kabla ufunguo haujagusa kitasa mama alikuwa ameshasema, "Karibu." Kisha aliongeza, karibu kila siku, "Unatembea kama paka. Zisingekuwa hizo pumzi zako ungeniua kwa mshtuko."

Jumamosi moja alasiri, redio ilileta mchezo. Mtangazaji aliwaambia wasikilizaji wafumbe macho na kujifanya waongozaji wa sinema. Ni sinema kubwa, alisema, ya mwisho wa dunia: jua linazimika kidogo kidogo, majoka yanashuka kutoka mawinguni, miji inageuka majivu, na amebaki malkia mmoja wa kuokoa kilichobaki. Je, wewe ungempa nani nafasi ya malkia? Watu walipiga simu wakawataja wasichana wembamba wanaojua kuruka na kurusha mateke. Mama alisikiliza watatu, akachoka.

"Nipigie," alimwambia binti yake.

Sauti alipiga, akamshikia simu sikioni. Mama akasema, hewani, nchi nzima ikisikia: "Mimi nampa Bibi Machozi."

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. "Bibi Machozi, mama yangu? Sasa huyo atapigana na majoka au atayalilia?"

"Atayalilia mpaka yazame," alisema mama. "Hao wako wa mateke watavunjika miguu siku ya kwanza. Mwisho wa dunia unataka mtu aliyezoea mabaya."

Wiki nzima mtaa ulikuwa na la kusema. Kinyozi wa chini alimsimamisha Sauti kumuuliza majoka yanaendeleaje, na wanawake wa foleni ya maji walianza kulia kwa mikogo, mkono kwenye paji la uso. Sauti alicheka pamoja nao, na alipocheka alitoa mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Mkwaruzo huo ulikuwa na miezi minne. Alikuwa ameunyamazisha kwa maji ya moto, kwa tangawizi, kwa peremende za dukani, na Fundi alikuwa ameufunika kwa ufundi wake bila kusema neno. Siku alipotema damu kwenye sinki la studio ndipo alipokwenda hospitali.

Daktari wa koo alikuwa kijana, na hakuzunguka mbuyu. Alichora koo kwenye karatasi, akaweka doa jeusi katikati. Saratani. Imekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe, na dawa peke yake haitafua dafu. Kisanduku kitolewe chote. Akagusa kwa kalamu kibonde kilicho chini ya shingo, pale kola inapoanzia. "Tutakufungulia njia hapa. Utapumulia hapa maisha yako yote. Kupitia mdomoni na puani, basi tena."

"Na sauti?"

"Sauti itakwenda nayo."

"Nisipokubali?"

Daktari aliangalia mchoro wake. "Mwaka huu hautaumaliza."

Watu wengi hapo huuliza kama kutauma, au wamemkosea nini Mungu. Sauti alisema, "Daktari, mama yangu haoni."

Kijana wa watu hakuelewa. Alidhani anaulizwa habari za macho, akaanza kumweleza kliniki iko jengo gani. Ilibidi Sauti amweleze polepole, kwa ile sauti iliyobaki. "Haoni. Mimi nikiwa bubu, atajuaje kuwa niko chumbani? Nikimwambia mama pole, atanionaje nikisema pole? Atabaki na nani?" Na hapo, mtu aliyewalilia watu wengine miaka ishirini na miwili, alishindwa kabisa kulia mbele ya daktari. Aliomba tarehe, akapewa: siku kumi na moja mbele.

Njiani kurudi alikata shauri kuwa atamwambia mama usiku huohuo, wazi, bila kupaka rangi. Alipanda ngazi arobaini na mbili akijipanga. Mlango ulipofunguka mama akamuuliza, "Leo pumzi zako nzito. Umetoka wapi?" na maneno yote yakamtoroka. Alimwona mama amekaa pale, uso umeelekea mlangoni, unangoja, na akasema jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata sekunde moja.

"Mama, wamempa."

"Nani kapewa nini?"

"Bibi Machozi. Ile sinema ya mwisho wa dunia. Wamempa umalkia kwelikweli."

Mama alipiga makofi, akapiga na paja. "Si nilisema? Si nilisema mimi? Na yule wa redio akanicheka!" Kisha, maana hakuwa mjinga, akauliza: "Na wewe je? Wasije wakamtia sauti ya mtu mwingine."

"Nimeitwa, mama. Ni huko mbali, studio kubwa. Miezi mitatu."

Uongo ukishaanza hauna pa kukaa. Jioni ile mama alitaka kujua sinema inaanzaje, na Sauti, ambaye maisha yake yote alisema maneno yaliyoandikwa na wengine, akaanza kutunga. Alitunga jioni kumi na moja mfululizo. Alimvika Bibi Machozi joho la ngozi ya joka na viatu vya chuma. Aliteketeza miji. Alisema kuna jitu kubwa kupita milima ambalo kazi yake tangu dunia iumbwe ni kulibeba jua begani, na kwamba jitu hilo limeanza kusinzia, na kadiri linavyoinama ndivyo jua linavyoshuka na bahari zinavyochemka. Malkia anatakiwa apande mpaka sikioni mwake, aliite kwa jina, liamke.

Mama aliingilia kila mahali. Hakutaka farasi afe. Alitaka majoka yawe na akili, maana adui mpumbavu hanogeshi hadithi. Alimkataa kabisa mchumba aliyeletwa jioni ya tano. "Dunia inakwisha yeye anatafuta mume? Mtoe." Sauti akamtoa, akamtupia joka limle. Mama alicheka, na Sauti akageukia ukutani akajiziba mdomo kwa taulo, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimemjaa na kina ladha ya chuma.

Mchana wa siku hizo alikuwa studio. Alimweleza Fundi kila kitu mara moja tu, na Fundi akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Aliporudi aliwasha mitambo. Kazi aliyoiomba Sauti ilikuwa hii: kurekodi maneno ya kumpigia mama simu. Shikamoo mama. Niko salama. Nimekula, tena nimeshiba. Huku baridi kidogo. Usijali, siku zinakwenda. Shangazi zangu wasalimie. Nakupenda mama, ambalo hakuwahi kulisema maishani, akalirudia mara tisa mpaka likakaa. Maneno mia na arobaini, kila moja peke yake, ili mtu abonyeze kwenye simu linalofaa. Mbele yake runinga ilikuwa nyeusi. Hakukuwa na midomo ya kuifuata.

Baada ya hapo Fundi alijifungia siku mbili. Alikwangua mikwaruzo, akaondoa kohozi, akajaza palipopasuka. Alifanya kazi ile kwa mapenzi, nalisema waziwazi, kwa sababu wako watakaomlaumu. Alipomaliza alimvalisha Sauti vipokea sauti masikioni, na Sauti akasikia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koo laini kama maziwa.

"Ndiye mimi huyu," alisema. "Huyu ndiye mimi mwenyewe, Fundi."

Walipeana mikono. Miaka ishirini na miwili ya kazi nzuri, na kati yao wawili hakuna aliyegundua walichokosea.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuja kuhamia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na vidole vizito, na hakuwahi kuweka siri maishani mwake. Sauti alimfundisha kuiliza simu kwanza, kuifungua, kuishika sikioni mwa mama, kubonyeza neno, kulisimamisha likiisha. Alimwandikia orodha. Mama mdogo alilia kwenye orodha mpaka wino ukachafuka, ikaandikwa nyingine.

Jioni ya mwisho malkia alifika sikioni mwa jitu. Majivu yalikuwa yamemjaa kifuani, jua limebakia kama kaa la mwisho jikoni. Alifungua kinywa.

"Ehe," alisema mama. "Akaita."

Sauti alijaribu kusema kwamba aliita. Midomo yake iliachana na hakikutoka kitu. "Mwisho nitakuja nao," alisema hatimaye. "Nao wenyewe bado hawajauandika."

"Unaniacha juu ya sikio la jitu miezi mitatu?"

"Shikilia vizuri, mama."

Asubuhi alimbusu paji la uso, akashuka ngazi na begi. Hospitali ilikuwa vituo vinne vya basi kutoka pale.

Alipozinduka alijaribu kuita nesi, na alichopata ni upepo uliopuliza chini ya kidevu chake. Siwezi kueleza siku zile kwa urefu wake, na yeye mwenyewe hakuzieleza kwa mtu. Aliandika kwenye daftari: maji, maumivu, dirisha, asante. Alijifunza kusafisha shimo lake kwa kioo cha mkononi, akiangalia ukingo mwekundu, na alipokohoa aligundua kuwa kikohozi nacho kimehamia pale shingoni na mkono wake bado unakimbilia mdomoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakitazama tamthilia kwenye runinga ya ukutani. Bibi Machozi alikuwa analia, kwa ile sauti ya Sauti. Mgonjwa mmoja alisema, "Huyu mama anajua kulia," na Sauti akavuta shuka akajifunika.

Mama mdogo alileta taarifa. Simu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilikwenda mrama kidogo: mama aliuliza, "Huko kuna mvua?" na mama mdogo, kwa vile vidole vyake, akabonyeza lisilofaa. Simu ikajibu, "Nimekula, tena nimeshiba." Mama akauliza, "Umekula mvua?" Ikabidi mama mdogo asingizie mtandao. Sauti alicheka aliposikia hayo. Bega lilitikisika, shingo ikapiga mluzi, na nesi akaja mbio.

Baada ya simu ya tatu mama mdogo alikuja uso umemshuka.

"Hakusema kitu," alisema. "Amesikiliza tu, amesikiliza mpaka mwisho, halafu akasema zima. Tangu hapo hataki redio. Hataki runinga. Jana hajala."

Sauti aliandika: *Kwa nini?*

"Haniambii mimi. Nikimwambia binti yako atapiga kesho, ananigeuzia uso."

*Tarehe ngapi natoka?* aliandika Sauti, na alipoona mama mdogo hajui, akaenda na daftari lake kwa daktari. Daktari alisema wiki moja zaidi. Sauti alipigia mstari neno *mama* mara tatu, karatasi ikachanika. Walikubaliana siku tatu.

Fundi ndiye aliyemchukua kwa gari lake bovu. Ngazi arobaini na mbili alizipanda akipumzika kila baada ya ngazi saba, kitambaa chepesi shingoni, viatu vya raba miguuni. Mbele ya mlango alisimama. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani palikuwa na sauti za watu. Mama alikuwa amekaa sakafuni. Kiti chake cha mbao kilikuwa kitupu. Wanawake wawili wa foleni ya maji walikuwa wamekaa naye, vichwa chini, na mama mdogo amesimama katikati na simu mkononi, anatokwa jasho.

"Dada, kwa nini unajiletea mkosi? Mtoto yuko hai. Yuko kazini."

"Nimemzaa," alisema mama. Sauti yake ilikuwa tambarare, ya mtu aliyemaliza kulia. "Nimemsikia tangu alipolia mara ya kwanza. Mimi sina macho, nina masikio tu, na nyinyi mnanichezea kwenye masikio yangu. Huyo wa kwenye simu hapumui."

"Hapumui vipi?"

"Hapumui! Anasema maneno mpaka mwisho, anaanza mengine, na katikati hakuna kitu. Mwanangu hawezi kumaliza 'shikamoo' bila kuvuta hewa. Mtu asiyepumua ni maiti. Amekufa, nanyi mmebaki na sauti yake kwenye chombo, mnanipa kidogo kidogo kama dawa. Niambieni tu nimzike."

Mama mdogo alipapasa simu. Alifanya alichofundishwa, hakujua kingine: alibonyeza. Chumba kikajaa ile sauti laini. "Usijali mama. Niko salama. Siku zinakwenda. Nakupenda mama."

Pale mlangoni Sauti alijisikiliza, na kwa mara ya kwanza alisikia kile kisichokuwamo. Kati ya neno na neno palikuwa pasafi, pasafi kabisa, kama meza iliyofutwa. Aligeuka kumtazama Fundi aliyekuwa nyuma yake na begi. Fundi alikuwa ameshika ukuta. Alikuwa ameelewa kabla yake, na uso wake sitaki kuusema. Alikuwa amezikata zote, pumzi mia na arobaini na zaidi, kwa kuwa hapakuwa na kifua kwenye picha, na hapakuwa na picha.

Sauti alitaka kuita mama. Midomo iliachana. Hewa ikatoka chini, ikapiga mluzi kwenye kitambaa.

Mama aliinua kichwa. "Nani yuko mlangoni?"

Wanawake wa maji waligeuka, wakamwona, mmoja akajishika mdomo.

"Kuna mtu pale," alisema mama kwa ukali. "Anapumua kama pampu ya baiskeli. Ni nani? Mbona hasemi?"

Sauti alivuka chumba bila mlio. Alipiga magoti mbele ya mama, akafungua kitambaa, akauchukua mkono wa kulia wa mama, mkono mkavu wenye vidole vilivyopinda, akauweka shingoni kwake.

Mama aliuchomoa kama aliyeguswa na moto. Kisha mkono ukarudi wenyewe, polepole. Ukagusa ukingo wa shimo. Ukahisi hewa ya joto ikitoka, ikaingia, ikatoka. Ukapanda kidevuni, shavuni, ukafika kwenye kovu lililo juu ya jicho la kushoto, ukakaa pale muda. Mkono ukashuka tena mpaka kwenye shimo ukabaki hapo.

"Unapumua," alisema. "Nimekulilia siku tano, mpumbavu wewe, na unapumua."

Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akangoja jibu. Uso ameuinua, sikio ameligeuza upande wa binti, kama alivyongoja kila jioni kwa miaka kumi na miwili. Alingoja kwa uvumilivu, na ilikuwa vibaya kumtazama akingoja, mpaka mkono wake wenyewe, pale shingoni, ulipomfahamisha kuwa jibu halitakuja, wala leo wala siku nyingine. Hapo ndipo alipolia kwa kelele. Sauti naye alilia, machozi yake mwenyewe, bila mlio wowote isipokuwa ule mluzi.

Wanawake wa maji waliondoka. Fundi aliweka begi chini, akaenda kusimama kwenye ngazi, na hakuingia. Chai iliyoletwa ilipoa bila kuguswa. Mama mdogo alipotaka kumwinua dada yake amrudishe kwenye kiti, dada alikataa, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali na ile shingo.

Jua lilikuwa linaondoka dirishani mama aliposema tena. "Yule malkia. Umeniacha naye juu ya sikio la jitu, kifua kimejaa majivu. Aliita jina?"

Sauti alitikisa kichwa, akakumbuka kuwa kutikisa kichwa hakumfikii. Akauchukua mkono wa mama akautikisa kushoto na kulia: hapana.

"Sasa lile jitu liliamkaje?"

Sauti aliinama mpaka shingo yake ikakaribia sikio la mama, akapumua. Mara moja, ndefu, yenye mkwaruzo na kohozi, pumzi ambayo Fundi angeikata. Mama alisikiliza mpaka ilipokwisha.

"Pumua tena," alisema.